Kipruto Alivyoniita Kutoka Ng'ambo

Mwaka 1994 Kipruto alinunua shamba la mahindi hapa Lumakanda, ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya boma langu. Alikuja na mkewe Chepkirui, mjamzito, kutoka milima ya Cherangani, akashangaa tulivyobanana. Kwao, alisema, unatembea asubuhi nzima bila kukutana na mtu. Boma moja liko kilimani, jingine ng'ambo ya bonde, na katikati ni ukungu na mifereji ya maji iliyochimbwa na babu zao.

"Sasa mkitaka chumvi?" nilimtania.

"Tunaitanga tu, mama. Unasimama kwa jiwe, unavuta jina la mtu polepole. Atasikia."

Nilicheka. Mimi Selpher, mkunga kwa miaka ishirini, nikacheka na kusahau.

Hapa kwetu mtu akipaza sauti asubuhi, ama kuna maiti ama kuna wavamizi. Na miaka ile, baada ya fujo za kikabila, hakuna aliyengoja kuuliza ni lipi.

Jumanne moja, jua likichomoza, nikasikia mwanamume akilia kutoka ng'ambo: "Seeelpheeer!" Mara tatu. Jina langu! Nilijua wanakuja kwangu. Nikapiga komeo, nikazima moto, nikaingia chini ya kitanda, mtu mzima mimi.

Jirani yangu Lusweti alivuka kijito na panga, wanaume sita nyuma yake. Walimkuta Kipruto juu ya kichuguu, peke yake, viganja mdomoni.

"Mwizi ako wapi?"

"Mwizi gani? Naita mkunga. Mtoto anakuja, siwezi kuacha mama peke yake."

Lusweti alirudi mbio akagonga mlango wangu. Nikadhani ndio hao wamefika! Aligonga, akanitukana, akagonga tena. Sikufungua mpaka alipomtaja Chepkirui.

Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, kichwa kimekwama. Nilimtoa. Nikampulizia, nikamsugua mgongo, wapi, hakuvuta pumzi. Mungu wangu, wa kiume, mzima kila kidole! Ningefika mapema kidogo tu ningemgeuza. Nimewageuza wengi.

Nilingoja matusi ya Kipruto. Niliyataka, kusema kweli. Jioni alikuja kwa miguu, akasimama nje ya mlango wangu, kofia mkononi.

"Mama, unisamehe," akasema. "Sikujua nitakutisha."