Vipumulio vya Shaba Kutoka Kisiwani

Mzigo wa kwanza ulishushwa stendi ya Bariadi ndani ya kiroba cha unga kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Konda aliupapasa, akahisi chuma na mpira, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwadila, mayu. Hii ni regyuleta ya gesi, ee? Usiiweke karibu na moto."

Nilimwitikia salamu yake ya Kisukuma, nikaufunga nyuma ya baiskeli. Mimi ni fundi wa cherehani, lakini sishoni nguo, natengeneza cherehani zenyewe. Nafanyia kazi kibarazani kwangu. Nilidhani mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi pwani, amepata kichwa cha cherehani ya zamani huko. Nilipokifungua kiroba ikatoka harufu ya chumvi. Ndani mlikuwa na vitu vitatu vya shaba vilivyoota kutu ya kijani, kila kimoja na hosi nyeusi zilizokauka na kupasuka kama visigino vya kiangazi.

Nikampigia.

"Dada, umeviona?"

"Nimeviona. Ni vitu gani?"

"Vipumulio. Wazamiaji wa zamani ndivyo walivyopumulia chini ya bahari. Mwenye kituo chetu cha kuzamia anapenda vitu vya kale, anataka vifanye kazi tena. Fundi wa huku hataki hata kuvigusa. Nikamwambia nina dada yangu Bariadi."

"Bariadi hakuna bahari."

"Najua. Lakini wewe upo."

Tulizaliwa Lamadi, kando ya ziwa, baba mvuvi, mama muuza samaki wakavu. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na mchezo mmoja: kuzama chini ya mtumbwi wa baba na kubana pumzi. Yeye aliibuka wa kwanza kila siku. Mimi nilikaa chini, nimeshika mchanga, naangalia mwanga ukivunjikavunjika juu yangu, mpaka nisikie sauti yake ikilia, "Dada amekufa!" Mama alinichapa kwa hilo. "Ziwa halina ndugu," alisema. Nilipovunja ungo nikakatazwa kuoga na wavulana. Baadaye nikaolewa Bariadi.

Si mbali. Gari likitoka asubuhi unaweza kula samaki mchana Lamadi na kurudi. Lakini mwanamke mwenye nyumba haachi watoto na ng'ombe akasema nakwenda kuangalia maji. Ukiniuliza nilikuwa nakosa nini, nisingeweza kusema. Sikuumwa, mume wangu hakunitesa, pamba ilistawi. Ila kiangazi, nikiinama kuchota maji kwenye pipa, niliwahi kuzamisha uso humo mpaka masikioni, nikakaa hivyo, kisha nikajifuta haraka kabla mtu hajatokea.

Mdogo wangu yeye alidandia lori la dagaa akaenda Dar, akavuka hadi kisiwa kimoja ambako watalii huzama kuangalia samaki. Akafundishwa, akaajiriwa. Aliyekuwa anaibuka wa kwanza ndiye aliyepata kazi ya chini ya maji. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi, na usiku wa habari hizo nikazamisha tena uso kwenye pipa.

Basi nikaanza. Nilifungua kipumulio cha kwanza skrubu kwa skrubu, nikapanga kila kitu juu ya kanga kuukuu. Sehemu inayokaa kwenye mtungi inapunguza nguvu ya hewa. Sehemu inayokaa mdomoni ina kiwambo chembamba cha mpira. Ukivuta pumzi kiwambo kinaingia ndani, kinakandamiza kiwiko kidogo cha chuma, vali inafunguka, hewa inakuja. Vipande vya shaba niliviloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, si kwa muda mrefu, maana siki ikizidi inakula chuma. Kisha mswaki, kisha maji safi. Pete za mpira na viwambo vipya mdogo wangu alivituma kwenye bahasha. Kazi ngumu ni kile kiwiko. Ukikiinua mno, hewa inavuja bila kuombwa. Ukikishusha mno, mzamiaji atavuta kama mtu anayefyonza uboho.

"Siki ya kachumbari imekwenda wapi?" mume wangu aliuliza siku moja aliporudi kutoka shambani Dutwa. Nilimwonyesha sufuria. Akachungulia, akacheka, akala nyama na chumvi.

Kisha ukaja mtungi wa hewa, mdogo, wa njano. Ulisafiri ndani ya lori la sabuni, umeviringishiwa godoro. Bila huo nisingejua kama nimetengeneza au nimesafisha tu. Kipumulio cha kwanza kilivuja, nikakifungua tena. Mara ya tatu kikanyamaza kabisa. Nikakitia mdomoni, nikavuta.

Hewa ilikuwa kavu na ya baridi, yenye ladha ya mpira. Ilijazwa kisiwani, pengine mdogo wangu mwenyewe alishika hosi. Nilikaa kibarazani nimefumba macho, navuta na kutoa, mbuzi wanapita mbele yangu. Jirani akasimama kwenye ua.

"Mayu, pumu imekuanza lini?"

"Si pumu. Najaribu kitu cha watu."

Vyote vitatu vilipotengemaa, viwili nikavituma kisiwani. Cha tatu mdogo wangu alikataa nisikitume. Ndicho cha zamani kuliko vyote, chenye hosi mbili zinazozunguka kichwa, moja kila upande wa shavu, na bakuli la shaba linalokaa mgongoni. "Mwenye kituo amekubali ubaki nacho," alisema. "Nitakuja. Tutakwenda nacho Lamadi."

Hakuja mwaka ule. Watalii walikuwa wengi. Mwaka uliofuata alisema mwezi ujao, na mwezi ujao akasema mwezi ujao. Mimi nilikitunza, nikakipaka mafuta maalumu aliyonitumia, nikazikanda hosi mpya zisikauke.

Alikuja mwaka huu, baada ya mavuno ya pamba. Amekonda, anaongea kwa sauti kubwa kuliko zamani. Nilipomwita kutoka jikoni hakuitika. Nilipoongea naye aligeuza kichwa, akanipa sikio la kulia.

Kesho yake tulikwenda Lamadi na kile kipumulio cha hosi mbili na mtungi wetu, uliokuwa bado na hewa. Mvuvi mmoja aliyemjua baba alituonyesha mahali peupe pasipo na matete, ambapo mamba hawaonekani. Mdogo wangu alinifunga mtungi mgongoni, akanivalisha miwani, akanizungushia kamba kiunoni.

"Wewe utavaa nini?" nikamuuliza.

"Mimi sizami tena, dada."

Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imepasuka tena na tena, akasema. Daktari amekataa kabisa. Sasa anakaa mapokezi, anawavalisha wageni vifaa na kuwasubiri warudi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia usingekubali kuja." Akaikaza kamba. "Sikiliza. Sheria ni moja. Usibane pumzi. Pumua wakati wote."

"Mimi? Kubana ndiko nilikokushinda."

"Hiyo sahau. Ukibana huku unapanda, mapafu yanaweza kupasuka."

Niliingia na gauni langu mpaka maji yakafika kifuani, nikapiga magoti. Ziwa likafunga juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Niliona mikono yangu na mchanga, basi. Nikavuta pumzi. Kiwambo nilichokifunga mwenyewe kikaitika, hewa ikaja laini. Nilipotoa, mapovu yalipanda nyuma ya masikio yangu, karibu na shingo, yakiunguruma. Samaki wadogo, furu, wakaja kuniangalia. Nilipiga magoti pale, mwanamke mwenye wajukuu, na hakuna aliyelia kwamba nimekufa.

Kamba ikavutwa mara mbili. Nikasimama polepole, napumua.

Alikuwa ameingia majini mpaka magotini, suruali imelowa, kamba ameishika kwa mikono yote miwili.

"Niambie," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Yote."

Nikamwambia rangi ya maji, furu, baridi inayoanzia miguuni, mapovu. Alinisikiliza kwa sikio la kulia na macho yake yapo ziwani. Nilipomaliza akaniomba nirudie habari ya furu.

Amesharudi kisiwani. Mtungi umekwisha na Bariadi hapa hakuna wa kuujaza. Hunipigia jioni wageni wake wakishatoka majini. Juzi nilimwambia aache, arudi nyumbani, tumjengee Lamadi. Akasema hawezi kukaa kando ya maji asiyoruhusiwa kuingia.

"Huko si ndiko uliko sasa?"

"Ndiyo," akasema. "Na kuondoka pia siwezi."

Nikamwambia naelewa. Akaniomba tena habari ya furu, nikamrudia mpaka salio lake likaisha.