Faili la Zamani Juu ya Jipya

Nilipostaafu kazi ya ofisi nilifungua saiba ndogo, duka la intaneti na uchapaji, Dandora, Nairobi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kazi yangu kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi. Wengi hapa mtaani huzikwa kwao, magharibi mwa nchi, na kila familia hutaka vijitabu viwe ndani ya basi kabla halijaondoka na jeneza.

Asubuhi moja jirani yangu alikuja kuchukua vya mumewe. Mume huyo alikuwa amekufa ajalini na jeneza lisingefunguliwa. Mama wa marehemu kule nyumbani hakuwa amemwona kwa miaka mingi, na macho yake hayakuweza tena kuona picha ya simu. Mjane alitaka picha moja kubwa, ukurasa mzima wa kijitabu, ili mama huyo aione sura ya mwanawe.

Nilifungua programu ya kupanga picha ili nivichape. Ikajifunga. Nikaifungua tena, ikajifunga, na safari hii ikaacha ujumbe wenye jina la faili moja. Nililitambua papo hapo.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimerudisha programu ya kuchapa niliyoizoea ofisini. Ilikataa kufunguka, nikatoa faili hilo kwenye kompyuta yangu kuukuu nikalibandika kwenye mafaili ya mfumo, yale yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kompyuta iliniuliza kama kweli nataka kuweka la zamani juu ya jipya. Nikabonyeza ndiyo. Lile jipya sikuwa nimelihifadhi popote.

"Ni nini, mzee?" mjane akauliza.

"Stima tu, mama. Umeme unacheza. Subiri kidogo."

Shemeji yake akachungulia mlangoni. "Mzee, hiyo mashine nayo tuitafutie jeneza? Basi limeshawashwa."

"Nipeni dakika tu."

"Niende saiba ya Komarock, hapo jirani?" mjane akauliza. "Picha ninazo kwenye simu."

"Usijisumbue. Iko karibu kukubali."

Haikuwa karibu. Niliiondoa programu nzima, nikaanza kuipakua upya, ili irudi na faili lake jipya, kwa intaneti iliyokuwa ikijikokota. Mjane alikaa kwenye benchi, simu mapajani, akinitazama kwa imani. Kule Komarock wangemchapia akarudi na basi bado lipo. Lakini ningemwambia aende, ningelazimika kumwambia kwa nini.

Basi lilipiga honi mara kadhaa. Mwishowe shemeji akamshika mkono. Alipotoka, mjane aliniambia, "Asante kwa kujaribu, baba."

Programu ilikubali basi likiwa limeshaondoka. Picha ilitoka safi: mwanamume anacheka, kofia imeinamishwa upande mmoja.

Mjane aliporudi kutoka matangani nilimpelekea vijitabu nyumbani kwake. Nilimwambia yote: faili, stima ambayo haikuwa na kosa, na kwamba Komarock angewahi. Alisikiliza akiwa ameshika mlango.

"Mama mkwe alipapasa ubao wa jeneza," akasema. "Akaniuliza kama mwanawe alikuwa amenenepa huku Nairobi. Nikamwambia ndiyo."

Alichukua kijitabu kimoja tu, cha kumpelekea mama huyo. Vingine akanirudishia. Ninavyo hadi leo, na sijui mtu huvitupaje vitu kama hivyo.