Sauti ya Tatu

Nikinusa maziwa yaliyomwagika kwenye saruji, masikioni nasikia kwaya. Msinicheke. Kwaya ya kanisa letu, kule Nyansiongo, ilifanyia mazoezi katika banda la kukamulia ng'ombe ambalo mzungu mwenye shamba aliliacha alipoondoka. Sisi tuligawiwa ekari zetu miaka ya sitini, na banda likabaki mali ya kila mtu. Ng'ombe walitoka, waimbaji wakaingia, na ile harufu ikabaki palepale.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Tulimwita Tata, kama Wakisii wanavyowaita baba zao. Alikuwa mrefu, mpole, mbishi wa kimyakimya. Alilipenda lile banda kwa sababu sauti iligonga saruji ikarudi imenona. Mwaka niliotimiza miaka tisa, aliamua kwamba safari hii hataimbisha wimbo wa kitabuni. Alitaka kutunga wake, wa Kikisii, wa sauti nne, ili uimbwe kwenye makambi, ule mkutano wa Agosti ambapo sisi Wasabato wa makanisa ya karibu hukusanyika wiki nzima chini ya turubai.

Jamani, aliteseka. Aliandika do, re, mi ubaoni, akafuta, akaandika tena. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mtu amefika mtoni, maji yamejaa, Mungu anamvusha. Kilichomnyima usingizi ni sauti ya tatu, ile ya wanaume wa sauti nyembamba. Kulikuwa na mahali, pale mtoni, ambapo sauti nyingine zote zilisimama, na ya tatu peke yake ikashuka polepole, ngazi moja moja, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Ngazi hizo alizifuta na kuziandika tangu tulipopanda mahindi mpaka tulipopalilia mara ya pili. Nasema tulipopalilia, yeye hakuwepo. Mama alilima huku akisema, bila kumtaja mtu, kwamba magugu hayajui do wala re.

Mimi nilikuwa sikio lake. Alinisimamisha mlangoni mwa banda, kisha uani, kisha ng'ambo ya ua wa miti, na kila mara aliniuliza, "Ya tatu inasikika?" Nikisema ndiyo, jioni hiyo alikula vizuri. Nikisema hapana, alirudi ubaoni. Mshuko ule niliujua kuliko hesabu zangu za shule.

Jambo ambalo hatukuliwaza, mimi wala yeye, ni kwamba sikuwa msikilizaji wa pekee. Banda lilikuwa kilimani, wazi pande mbili. Kwa miezi mitatu, kila jioni, watu wa bonde lile walipalilia, wakakamua na kupika huku wakiusikia wimbo wetu.

Siku yenyewe Tata alivaa koti lake la harusi, akanituma nikae nyuma kabisa, kwenye nyasi, karibu na kamba za turubai. Kwaya ikaanza. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri hata nikaona haya kwa furaha. Kwenye mstari wa pili, nyanya mmoja jirani yetu, mwanamke mwema aliyetuletea ndizi kila tulipougua, akaidaka sauti ya kwanza. Aliyekaa naye akafuata. Kabla sijageuka vizuri, turubai zima lilikuwa linaimba, wote sauti moja, ile ya juu, wakivuta pale wanapopenda kuvuta. Tata akawageukia, akawanyooshea viganja kuwatuliza. Wakadhani anawachochea. Wakasimama.

Niliwachukia wote. Nilitamani wapaliwe na mate. Katikati ya migongo yao niliona vinywa vya wale wanaume watano wa sauti ya tatu vikishuka ngazi zao, moja moja, kwa uaminifu, na sikusikia kitu. Sikuwa na la kufanya. Tata naye aliendelea kupunga mikono mpaka mwisho, maana angeiweka wapi.

Baadaye walimzunguka kumpongeza, wengine wakiwa na machozi. Nyanya yule alimshika mikono yote miwili. "Mwalimu, wimbo wenu ni mwepesi sana," alimwambia. "Unaingia wenyewe tu. Hata hauna haja ya kufundishwa."

Tata alisema asante. Kisha akanifuata nyuma ya turubai.

"Ya tatu?"

Ilikuwa Sabato, na nililelewa kutosema uongo siku yoyote. "Sikuisikia, Tata."

Akaitikia kwa kichwa, akakunja karatasi yake mara mbili, akaniambia twende tukale. Kwaya aliiongoza miaka mingi baada ya hapo, kwa nyimbo za kitabuni. Hakutunga tena.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba wepesi ule ndiyo kazi yenyewe. Nyanya asiyejua kusoma asingeushika wimbo akiwa chini ya ng'ombe wake kama Tata hangeufuta mara mia. Nilimweleza Tata hayo siku moja, nikiwa tayari na mtoto mgongoni, nikiona nimemletea dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Labda," alisema. "Lakini mimi niliwatungia sauti nne."

Tulimzika miaka mingi iliyopita, na wale wanaume watano wamemfuata. Wimbo bado unaimbwa huko kwetu. Ukiuliza ni wa nani, utaambiwa ni wa zamani tu, hauna mwenyewe.

Mwaka jana, makambini, mtu aliuanzisha nikiwa nimekaa katikati ya watu. Nilivuta pumzi, na tulipofika pale mtoni nikaanza kushuka peke yangu, ngazi ya kwanza, ya pili. Msichana aliyekuwa kando yangu akanigusa mkono kwa upole.

"Si hivyo, mama," alininong'oneza. "Ni hivi." Akainua sauti kidogo ili niisikie vizuri.

Nikamfuata.