Foleni ya Chupa

Mama yangu alikuwa na kifafa, na dawa yake ilikuwa ya maji. Miaka ile ya vita vya shifta aliishi Kulamawe, ambako familia za wafugaji zilikusanywa pamoja chini ya ulinzi wa askari. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Bulla Pesa. Yeye kuja mjini kulihitaji kibali, na kibali hakikupatikana kwa urahisi, kwa hiyo dawa nilimchukulia mimi kwenye zahanati na kumkabidhi dereva wa lori lililopeleka posho huko.

Zahanati haikutoa dawa ya zaidi ya wiki moja. Waliogopa kwamba ikitolewa nyingi itaishia kwa shifta, wale waasi wa msituni. Shida ni kwamba lori halikuwa na siku maalumu. Liliondoka askari wa kulisindikiza walipokuwa tayari, na likichelewa, mama alikaa karibu na moto akipika bila dawa mwilini.

Kila mgonjwa alikuja na chupa yake. Mlango ulifunguliwa jua likiwa limeshapanda, kwa hiyo tulipanga chupa barazani, moja nyuma ya nyingine, wenyewe tukaenda kukaa kivulini nyuma ya jengo. Chupa ndiyo iliyoshika foleni, na hakuna aliyegusa ya mwenzake. Mama mmoja wa Kisomali, muuza maziwa, alikuwa na chupa ya samli. Mama wa Kiturkana aliyeosha nguo za watu alileta ya bia.

"Hii umeimaliza jana?" muuza maziwa alikuwa akimuuliza.

"Mume wangu ndiye aliyeimaliza. Mimi niliachiwa kikohozi."

Asubuhi moja tulipata mtoa dawa mgeni, kijana kutoka Meru, mpenda usafi. Aliona chupa zenye vumbi, akazikusanya zote kwenye karai, akaziosha kwa maji ya moto. Tuliporudi barazani zilikuwa zimeinamishwa kwenye nyasi, zimechanganyika.

Kila mtu akawa wa kwanza. Yangu ilikuwa karibu na mwisho, na nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimepita sokoni nikaona lori limepakiwa na askari wanakunywa chai kando yake. Chupa ya mwisho niliyotuma ilikuwa imekwisha siku nyingi.

"Lori linaondoka," nikasema. "Mama yangu hana dawa."

"Lori la wapi?" muuza maziwa akauliza.

"Kulamawe."

"Anaumwa nini?"

"Anaanguka."

Akamgeukia kijana. "Daktari, anza na chupa za lori. Sisi wa mjini tutakuwa hapa hapa."

"Mimi nina nguo za watu kwenye maji," mama wa Kiturkana akasema.

"Si zinalowa? Ziache zilowe."

Watu wakacheka, na mama wa Kiturkana mwenyewe akaichomoa chupa yangu kwenye nyasi akampa kijana. Nilimwomba aijaze hadi shingoni.

"Nimeambiwa wiki moja, dada."

"Wiki moja inaweza kuishia njiani."

"Najua. Lakini nimeambiwa wiki moja."

Alijaza nusu. Nilikimbia nayo hadi sokoni, na dereva aliipokea injini ikiwa inanguruma, akaiweka chini ya kiti chake.

Kuanzia siku ile chupa za lori zilipangwa mbele, na kijana hakuosha tena chupa hadi kila mtu aliposhika yake.

Dereva aliporudi nilimfuata alipokuwa akipakua ngozi. Alisema mama alikuwa ameanguka kabla lori halijafika, akaungua mkono, na majirani wakamvuta kutoka motoni. Tangu aanze chupa hii hajaanguka tena.

Nikamuuliza mkono upi.

"Wa kushoto," akasema. "Chai anashika mwenyewe. Ila amekuwa akipikiwa."