Kidole cha Ukoo

Mpira alikuwa fundi wa viti vya magari, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alilipata shuleni kwa kukunja kidole gumba hadi kikapita kifundo na kulala juu ya mkono na kugeuza viwiko kinyume, wenzake wakapiga kelele. Bega likimchomoka akivuta ngozi ya kiti, alilirudisha mwenyewe, akatukana kidogo, akaendelea kushona. Magoti yake yalijaa makovu mapana, laini kama karatasi ya sigara. Ukimpa pole alikasirika.

Nyumbani kwao ulegevu ule ulikuwa fahari. Mama yake, bibi mwenye ulimi mkali, alikuwa na mtindo wake: mtoto akizaliwa, kabla hata hajauliza kama mzazi amejifungua salama, alishika kidole gumba cha kichanga na kukikunja. Kikigusa mkono, alipiga vigelegele: "Huyu wetu!" Mtoto wa kwanza wa Mpira, binti, alifaulu. Tangu alipoweza kusimama, bibi alimwita mbele ya kila mgeni aonyeshe: miguu shingoni, mikono nyuma, watu wacheke. Mtoto akisema anaumia, aliambiwa aache kudeka.

Wa pili alikuwa wa kiume, na kidole chake kiligoma. Bibi alijaribu tena, mtoto akalia. Akamrudisha kwa mama yake kama nguo isiyomkaa.

"Muulize mkeo huyu kampata wapi," akamwambia Mpira.

Mke alikuwa msusi, mwanamke wa maneno machache. Kwanza alicheka, akidhani ni utani. Kisha aliapa, akalia, akamwomba mumewe atazame tu masikio ya mtoto, mbona ni yake matupu. Mpira alikuwa akimtazama mama yake. Mtoto hajajua hata kukaa, mke akatolewa na begi moja na mtoto mgongoni. Binti alibakizwa, kwa kuwa ni "wetu". Yote niliyasikia ukutani. Hadi leo nikimkumbuka yule msusi akigonga mlango angalau aagane na bintiye, natamani kumzaba mtu kibao.

Miaka ikapita. Binti akiwa darasa la tano, bibi alimwita awafurahishe wageni, na goti likahama upande, lisirudi. Mpira akambeba hadi hospitali. Daktari, mama mmoja asiye na papara, alilirudisha goti, akavuta ngozi ya mkono wa mtoto, akachunguza makovu, kisha akamgeukia baba.

"Na wewe viungo huchomoka?"

"Sisi wote," Mpira akasema kwa maringo, akakunja kidole chake. "Ni mambo ya ukoo."

"Ya ukoo, ndiyo. Na ni ugonjwa."

Akamweleza polepole. Nyuzi zinazoshika ngozi na viungo vyao ni dhaifu tangu kuzaliwa. Dawa ya kuuondoa hakuna. Yapo mazoezi ya kuimarisha misuli, vipo vishikizo vya magoti, na lipo la kuacha kabisa yale maonyesho, maana yalikuwa yanamharibu mtoto.

"Una mwingine?" akauliza.

"Yupo mmoja, lakini kidole chake hakikunjiki. Si wangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia? Mzazi mwenye hali hii, kila mtoto anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu. Huenda huyo ndiye aliyenusurika. Kidole hakisemi baba ni nani."

Kesho yake Mpira alikwenda saluni kwa mkewe.

"Nimekosa, mama watoto. Rudini nyumbani."

Msusi hakuacha kusuka. Mteja alijifanya hasikii.

"Binti yangu hajambo?"

Akamweleza yote. Hapo mikono ya msusi ikasimama.

"Yaani mlimng'ang'ania mgonjwa, mkanifukuza na mzima, halafu mkamvunja huyohuyo wenu ili wageni wacheke?"

"Sikujua."

"Hukuuliza. Mlete. Yeye peke yake. Mwanangu nilimwambia baba yake amekufa, na sina mpango wa kukufufua."

Akamleta. Binti aliondoka kwa magongo, bibi akimwita kutoka chumbani aje amuage. Hakugeuka.

Sasa wamebaki wawili. Mabega ya Mpira hayashiki tena, kazi ameiacha. Vidole vya bibi vimelegea hata kifungo haviwezi. Asubuhi hugonga ukuta, nami huenda kumfunga vifungo vya gauni na kuwafungulia chupa ya mafuta. Juzi aliniuliza kama huwa namwona mjukuu wake. Nikamwambia namwona, anatembea vizuri siku hizi, yeye na mdogo wake.

"Hajatuma salamu?"

"Hajatuma," nikasema, nikafunga kifungo cha mwisho.