Ulimi wa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mpishi, na ana ugonjwa wa tezi ya shingo usiopona. Unatulizwa tu kwa vidonge. Asipovimeza, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka hata kitunguu hakikatiki. Akivimeza, mikono inatulia, lakini ulimi unakufa. Kila kitu, anasema, kina ladha ya msumari. Sasa niambieni, mpishi achague nini? Mimi nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kikaniuma, na mgonjwa si mimi.

Nyumbani hapati msaada. Kaka yangu hata ukimchemshia kiatu atasema kimeiva vizuri. "Tamu, mke wangu," anasema kabla hajameza. Wifi humtazama tu, hajui amshukuru au ampige mwiko.

Tunafanya kazi hoteli moja, yeye jikoni, mimi nahudumia wateja. Mpishi mkuu alipoondoka, bosi alitangaza kwamba mwisho wa mwezi watu watapika mchuzi, na atakayemfurahisha ndiye atakayeshika jiko. Wifi aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote; alianza kuosha masufuria humo kabla hata hajaolewa. Mshindani wake alikuwa mmoja tu, mkata nyama tunayemwita Kisu.

Basi akaacha vidonge kimyakimya. Ulimi ukarudi kidogo kidogo. Siku moja nikamkuta ameng'ang'ania sinki, jasho linamtiririka, analia na kucheka kwa pamoja.

"Wifi, nyanya ina utamu! Nilishasahau!"

"Na hiyo mikono je?"

Kijiko alichoshika kilikuwa kinagongagonga sinki. Nilimfokea, nikamwambia jiko halishikwi na marehemu. Akavirudia vidonge huku amenuna, hanisemeshi, na siku ya kupika ilipofika msumari ulikuwa umesharudi mdomoni.

Siku hiyo aliniita nimwonjee mchuzi wake. Nikaonja.

"Chumvi imezidi kidogo."

Hakuridhika, akamwita Kisu mwenyewe. Nani humwomba ushauri mshindani wake? Kisu akadondosha tone kiganjani, akalamba, akafikiri.

"Chumvi haijafika," akasema.

Wifi akatukodolea macho. "Yaani ninyi wazima ndio mnaniambia hivi?"

Tukaonja tena, kila mtu akashikilia lake. Nilidhani Kisu anamtega, lakini uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kama wangu. Mwishowe wifi akafunika sufuria, akaacha mchuzi kama ulivyo.

Bosi alikula wa Kisu, akala wa wifi, kisha akaurudia wa wifi.

"Jiko ni lako," akasema. "Ila mpishi mkuu simtaki akate vitunguu, namtaka aonje. Kuanzia Jumatatu hakitoki chakula hapa hujakionja."

Wifi akajibu palepale, mbele ya watu wote: "Bosi, ulimi wangu hauonji. Ni hivi vidonge ninavyomeza."

Bosi akacheka mpaka akafuta machozi. "Mnaona? Hana majivuno hata kidogo!"

Watu wakapiga makofi. Wifi akarudia maneno yake, makofi yakayameza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; hawakusema anayeyatangaza akachekwa afanyeje. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Jumatatu Kisu alimletea kijiko cha supu, amekikinga kwa mkono wa pili, adabu tupu. Wifi akakitia mdomoni. Akameza, akamrudishia kijiko.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" akamuuliza.

Kisu akaonja, akasita. "Naona haijakolea."

"Basi kaikoleze."

Akaenda mbio. Waliokuwa nyuma wakatazamana na kunong'ona kwamba huyu mama ni mwalimu hasa.

Nilipopita na sahani akanishika mkono.

"Wifi, hii kazi nimeipata au nimeiiba?"

Hakuwa anatania, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mteja alikuwa ananiita kule mezani. Nilisimama pale chakula kikipoa, nampenda na namwonea huruma.