Mbegu ya Bi Somoe

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na laiti ningeisahau. Weka hilo panga chini kwanza, ukae. Nimechoka, na jambo hili sitalisema mara mbili.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa Njinjo, Mwingereza bado anatawala. Mvua zilipungua miaka miwili mfululizo, mto Matandu ukanywea hadi watoto wakawa wanauvuka bila kukunja nguo. Maji yaliporudi nyuma, matete yakayafuata, yakaota mabichi kabisa kwenye tope jipya. Mikuyu ikabaki kule juu peke yake, imepukutisha majani, matawi ya kileleni yamekauka. Mimi nikajiona nina macho. Nikasema mto umehama, ngoja ning'oe matete haya nipande mpunga.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, akanipeleka chini ya mkuyu, akanionyesha nyasi kavu zilizonasa kwenye panda ya tawi, juu ya vichwa vyetu.

"Nani aliziweka pale?"

"Maji, mama."

"Basi yanapajua. Matete yana haraka, mkwe wangu, maji yakisogea nayo yanasogea. Mkuyu huu una kiu lakini haujahama. Usilime chini yake kuelekea mtoni. Na matete uyaache, ndiyo yanayoshika udongo."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Ee, ulimi wangu ulikuwa mtamu! Alipokwenda Somanga kwenye msiba wa ndugu yake, niliyang'oa yote na mizizi yake. Kisha nikateremsha kapu lake la mbegu darini, lilipokuwa likikaa kwenye moshi wa jiko, nikaipanda yote. Sikubakiza hata konzi moja.

Mpunga ukastawi, nikaringa. Asubuhi moja jua linawaka, hapa halijaanguka hata tone, mto ukaja. Mvua ilikuwa imenyesha huko bara. Maji yalipanda hadi kwenye mikuyu. Yalipopungua, matete ya majirani yalikuwa yamelala, yameshikilia tope lao, na baada ya siku chache yakainuka. Mikuyu nayo ikachipua. Kwangu hapakuwa na mpunga wala shamba, ukingo ulikuwa umemeguka wote.

Bi Somoe hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikaa kizingitini akasema, "Mbegu ile mama yangu alinifungia kwenye pindo la kanga siku naolewa." Kisha akachukua jembe, akaenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, maana ndiyo tuliyokula mwaka ule.

Alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Siku zake za mwisho aliniomba uji wa mchele wake. Nikampikia wa dukani. Akaonja, akanirudishia bakuli, akasema asante. Asante ile ninayo mpaka leo.

Sasa na wewe umeuona mto umepungua, umekuja kuniomba panga. Mwanangu, usiupime mto kwa mwaka mmoja. Tazama matete ujue maji yako wapi leo, na utazame mikuyu ujue yatarudi wapi. Usikate kinachoshika ukingo. Na mbegu, hata ukiwa na uhakika gani, bakiza.

Mungu akupe mvua ya kiasi na akujaalie ule ulichopanda. Haya, panga lichukue. Ukafyeke kule juu, ukishaipita mikuyu.